Mkasi na Mashine: Historia Fupi ya Kuchonga Ua

Katika darasa letu la jioni hapa Chilinde, jijini Lilongwe, neno "ua" huwatatiza wanafunzi kila mwaka. Ua la waridi wingi wake ni maua. Ua uzungukao nyumba wingi wake ni nyua. Na kitenzi "kuua" ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2022, tulipokuwa katika somo hilo, mwanafunzi mmoja mtunza bustani, mkimbizi mzaliwa wa Kivu, alituuliza swali lisilo la sarufi. Alikuwa na akiba kidogo: je, anunue mashine ya petroli ya kukatia nyua, au abaki na mkasi wake wa kushikwa kwa mikono miwili? Siku ile hatukuwa na jibu. Tuliporudi vitabuni tuliona kwamba swali lake lina historia ndefu, na historia hiyo yafaa kusimuliwa.

Sanaa ya kukata vichaka vilivyo hai mpaka viwe tufe, pia, mnara au ndege ilistawi Roma ya kale. Pliny Mkubwa aliandika kwamba aliyeianzisha ni Gaius Matius, rafiki wa Kaisari Augusto. Mpwa wake, Pliny Mdogo, aliielezea bustani yake ya Toscana, ambamo vichaka vilikatwa vikawa wanyama, na vingine vikawa herufi. Herufi hizo ziliandika jina la bwana mwenye bustani, na pia jina la fundi aliyezikata. Jambo hili si dogo, kwa kuwa wengi wa mafundi hao walikuwa watumwa. Chombo cha kukatia siku hizo kilikuwa mkasi wa kipande kimoja cha chuma kilichopindwa, mfano wa ule wa kukatia manyoya ya kondoo.

Sanaa hiyo ilifufuka Ulaya karne nyingi baadaye. Huko Levens Hall, kaskazini mwa Uingereza, Mfaransa Guillaume Beaumont alianza kuipanda bustani yake katika miaka ya 1690. Mwaka 1713 mshairi Alexander Pope aliidhihaki sanaa hiyo, na matajiri wengi wakang'oa vichaka vyao ili kufuata mtindo mpya. Bustani ya Levens Hall ilinusurika, na ipo hata leo, kwa sababu vizazi vya watunza bustani vilirithishana umbo la kila mti.

Mashine nayo asili yake si bustani, ni shamba la ngano. Nchini Marekani, Obed Hussey alipata hataza ya mashine ya kuvunia mwaka 1833, na Cyrus McCormick akapata ya kwake mwaka 1834. Ndani ya mashine hizo wembe wenye meno ulikwenda mbele na nyuma kwa kasi. Mashine ya ua iliyokuja karne ya 20 hukata kwa kanuni hiyo hiyo. Tukumbuke kwamba mashine ya kuvunia ilipokelewa mahali penye mashamba mapana na wavunaji wachache. Palipo na ujira mkubwa, mashine huokoa fedha. Palipo na ujira mdogo, ni mzigo.

Hata huko kwenye ujira mkubwa, mashine haikuja bure. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton aliwachunguza wachonga mawe wa Indiana waliotumia vyombo vya kutetema, akaona vidole vyao vikigeuka vyeupe na kufa ganzi wakati wa baridi. Mtetemo wa mashine ya bustani ni wa jamii hiyo hiyo, ashikapo mtu kutwa nzima.

Sasa tuje kwetu Afrika. Katika nyanda za juu za Kenya nyua nyingi ni za mchongoma, mti ulioletwa kutoka Afrika Kusini. Kwingineko hupandwa manyara, wenye utomvu mweupe uumizao macho. Mashine huutawanya utomvu huo hewani, lakini mkasi hauurushi mbali. Lilongwe, iliyoteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1965 na kuchukua nafasi ya Zomba mwaka 1975, ilipangwa kuwa mji wa bustani, na bogenvilia na duranta zimezunguka nyumba nyingi.

Kwa ua mrefu ulionyooka, mashine yashinda bila ubishi: humaliza kwa saa moja kazi ya siku nzima. Lakini umbo la mviringo lataka jicho lisimame kila baada ya mkato, na mashine haisubiri jicho. Wembe wake ukiwa butu hurarua majani, na kingo zake hukauka na kuwa kahawia. Mkasi ulionolewa hukata safi, na kosa lake ni la tawi moja tu.

Tena kuna suala la nishati. Januari 2022 kimbunga Ana kiliharibu kituo cha umeme cha Kapichira katika mto Shire, na Malawi ikapoteza karibu megawati 130 kwa zaidi ya mwaka mmoja. Petroli nayo ikaadimika, magari yakapanga foleni vituoni. Mwanafunzi wetu aliziona foleni hizo, akafanya hesabu yake mwenyewe: akanunua tupa ya kunolea, na akiba iliyobaki akaiweka.

Mei 2023 Serikali ilianza kuwarudisha wakimbizi waliokuwa mijini. Naye akarudi Dzaleka, wilayani Dowa, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ikiwa imekusudiwa watu kama 10,000, na ambayo leo ina zaidi ya 50,000. Aliacha wateja wake wote Chilinde. Mkasi aliufunga kwa gunia, akaondoka nao. Mashine angeiuza kwa bei ya hasara.

Hatusemi kwamba mkasi umemtosha. Fundi aliyekatazwa kuwafikia wenye bustani hawezi kushibishwa na chombo chochote. Twasema tu kwamba ujuzi wake haukubaki nyuma. Alipokuwa akituaga alituuliza fundi wa kazi yake aitwe nani kwa Kiswahili, maana "mtunza bustani" ni yeyote amwagiliaye maji. Tulimpa "mchonga ua", na akalikubali. Walimu wenzetu wenye neno bora zaidi, lisemwalo na watu wa mahali pao, tunawaomba watuandikie.