Safu ya Lugha: Draiva si dereva

Tangazo moja la duka la kompyuta linauza "dereva wa kadi ya sauti". La hasha! Dereva tulimtohoa zamani kutoka Kiingereza, naye ni mtu, ameshika usukani. Programu inayoiwezesha Windows kuelewana na kadi ya sauti ni kiendeshi, au draiva kwa waliokwisha kuizoea.

Utata mkubwa zaidi umo kwenye hedifoni za michezo ya kompyuta. Kasha likiandikwa "draiva za milimita 50", mnunuzi hudhani ni programu. Sivyo. Hizo ni spika ndogo zilizomo ndani, zenye sumaku, koili na utando unaotikisika. Basi tuziite spika. Nayo "7.1" inayoandikwa kwenye kasha ni hesabu ya spika saba na moja ya besi, lakini hedifoni nyingi za aina hiyo zina mbili tu, moja kwa kila sikio. Hiyo sauti ya kukuzunguka, nyayo za adui zinazosikika mgongoni, hutengenezwa na programu. Muuzaji anayeyaita yote hayo draiva anamnyima mteja haki ya kujua analipia nini.