Wana Wawili wa Akina Mama Viziwi

Katika historia ya elimu ya viziwi, ugomvi ninaoufikiria mara nyingi ni ule wa Alexander Graham Bell na Edward Miner Gallaudet, huko Marekani. Kila mmoja wao alilelewa na mama kiziwi. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba mmoja aliwapenda viziwi na mwingine aliwachukia. Walipenda wote wawili, ila kila mmoja aliupima ulimwengu kwa nyumba yake.

Mama yake Gallaudet, Sophia Fowler, alizaliwa hasikii. Aliingia shule ya Hartford mwaka 1817, akiwa na miaka 19. Akajifunza kusoma na kuandika, akaolewa na mkuu wa shule ile, akalea watoto wanane kwa lugha ya mikono. Mwaka 1857 mwanawe Edward, kijana wa miaka 20, alipokabidhiwa shule mpya ya Washington, mama huyu alikwenda naye kuwa mlezi wa wanafunzi. Mwaka 1864 Rais Lincoln akatia sahihi sheria iliyoiruhusu shule hiyo kutoa digrii. Edward hakuhitaji kuambiwa kwamba mikono hubeba akili. Aliyaona hayo tangu utotoni.

Bell, huyu tunayemjua kwa habari za simu, alimwoa Mabel Hubbard mwaka 1877. Mabel alipoteza usikivu kwa ugonjwa akiwa na miaka mitano, lakini alisoma midomo na kuzungumza na wageni wake. Hapa ndipo penye fundo: Mabel alikwisha kujua kusema kabla masikio hayajaziba. Mtoto aliyezaliwa hasikii hana sauti yoyote ya kukumbuka.

Mwaka 1883 Bell aliwasomea wanasayansi tasnifu iliyoonya kwamba viziwi wakizidi kuoana, litazuka kundi la binadamu viziwi. Sheria ya kuzuia ndoa hizo aliiona haifai. Badala yake alitaka viondolewe vile vinavyowakutanisha: shule za bweni, lugha ya alama, na walimu viziwi. Yaani watenganishwe wao kwa wao, ili wachanganyike na sisi!

Tayari upepo ulikuwa upande wake. Septemba 1880 walimu walikutana Milan, Italia, wakapiga kura kwamba matamshi ni bora kuliko alama: 160 wakakubali, 4 wakakataa. Gallaudet alikuwamo katika wale wachache. Karibu wote waliopiga kura walikuwa watu wanaosikia. Baada ya hapo walimu viziwi walipungua sana madarasani. Watoto waliadhibiwa kwa kuinua mikono, na saa za hesabu na jiografia zikaliwa na mazoezi ya koo. Sisi Waswahili tusiwacheke. Neno letu "bubu" lina kosa lile lile, maana linahesabu ulimi na kuisahau mikono.

Mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu katika chuo kile cha Washington, alichapa utafiti ulioonyesha kwamba alama zina mpangilio wake kama lugha nyingine. Hata hivyo, Machi 1988 bodi ya chuo hicho ilimteua rais asiyejua lugha ya alama. Wanafunzi wakafunga malango kwa wiki nzima, mpaka akapatikana I. King Jordan, rais wa kwanza kiziwi, miaka 124 baada ya sahihi ya Lincoln.

Mwaka 2010 mkutano wa kimataifa wa walimu wa viziwi, uliokaa Vancouver, uliyakataa maazimio ya Milan na kueleza majuto. Agosti mwaka huo huo Kenya ilipata katiba ambayo kifungu chake cha 120 kinataja lugha rasmi za Bunge: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya.

Nafurahi kukisoma kifungu hicho. Lakini watoto viziwi walio wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia, kinyume kabisa cha nyumba ya Sophia. Edward alipata alama kwa mamaye bure, kama tulivyopata Kiswahili sisi. Mama wa leo lazima atoke nje kuitafuta lugha ya mwanawe, na mtoto anaingia mwaka wa pili, wa tatu, wa nne, akimtazama tu mdomoni.