Kansa Ikigoma Kuskia Dawa: Chembe za Nano Huingilia Wapi?

Kuna ile siku daktari anafungua faili, anaangalia familia, anasema dawa haishiki tena. Miezi ya kwanza uvimbe ulipungua, mgonjwa akaanza hata kuitisha chapo. Sasa umerudi, na dawa ile ile iliyoufinya haufanyi kitu. Wasee wengi hapo hushuku hosi imewauzia dawa feki. Mara nyingi dawa iko sawa, ni seli imejifunza kuitema.

Iko hivi. Ngozi ya seli ya kansa inaweza kujaa pampu. Ile maarufu inaitwa P-glikoprotini, na Rudolph Juliano na Victor Ling waliiandika 1976 huko Toronto, Kanada. Fikiria konda mnoma: dawa inadandia mat, kabla ikalie kiti imesukumwa nje. Na huyu konda hachagui. Akishazoea kurusha dawa moja, anarusha zingine kadhaa ambazo mgonjwa hajawahi hata kupewa. Seli zina njia zingine za kugoma, lakini hii ndiyo iliwafanya wanasayansi wafikirie kubadilisha gari.

Mzigo mdogo, koti ya mafuta

Gawa milimita moja mara milioni, hiyo ndiyo nanomita. Chembe nyingi za dawa hizi zina kama nanomita 100. Unywele wako mmoja una upana wa kama 80,000. Badala ya kuachilia dawa irande kwa damu, unaifungia ndani ya kimpira cha mafuta, liposomu, ama cha protini. Chembe zingine humezwa na seli nzima nzima, zikapelekwa ndani kabisa kwa kifuko kabla zifunguke. Konda akishtuka, abiria wameshakaa na ni wengi.

Halafu kuna hii: mishipa ya damu ya uvimbe hujengwa mbio mbio, kama ile ploti ya mtaani isiyo na injinia. Ina nyufa. Chembe hupenyea hapo na kubaki. Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda wa Japani walieleza hiyo 1986.

Ya kwanza kufika sokoni ilikuwa Doxil. Ndani yake ni doksorubisini, dawa nyekundu ambayo wagonjwa wa majuu huiita shetani mwekundu, na inajulikana kwa kuumiza moyo. Alberto Gabizon na Yechezkel Barenholz, Jerusalem, waliifungia kwa liposomu yenye koti ya PEG ili kinga ya mwili isiinyake mapema. Ikawa inazunguka kwa damu kwa siku, sio dakika. Novemba 1995 FDA ya Marekani ikaipitisha, na cheki vizuri ilikuwa ya nani: watu wenye UKIMWI na Kaposi sakoma, ambao dawa za kwanza ziliwashinda ama mwili ukazikataa. 1999 ikaongezewa kansa ya ovari iliyogomea dawa zingine. 2015 ikaja Onivyde, ya kansa ya kongosho baada ya gemsitabini kushindwa.

Sasa shikilia hapo kwanza

2016 timu ya Warren Chan, bado Toronto, ilipitia utafiti wa miaka kumi, karibu wote wa panya. Kwa wastani, chembe zilizofika kwa uvimbe zilikuwa asilimia 0.7 ya dozi. Sifuri nukta saba! Nyingi zinaishia kwa ini na wengu. Hiyo stori ya kumpita konda, tukisema ukweli, imeonekana zaidi kwa maabara kuliko kwa wadi. Ushindi mkubwa wa Doxil ni kuhurumia moyo, ingawa viganja na nyayo zinaweza kuwaka hadi zichubuke. Kwa Kaposi ina bahati, juu huo uvimbe wenyewe ni wa mishipa inayovuja.

Na Kaposi ni ya huku kwetu kabisa, Afrika Mashariki inaijua sana. Lakini bei ni noma. Utafiti uliochapishwa na Lancet 2020, uliofanywa Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazili, ulilinganisha dawa za Kaposi ambazo nchi kama hizi zinaweza kumudu. Ya liposomu haikuwa kwa list. Iliyoshinda ni paklitaksel ya kawaida. Kwa hivyo usidhani mtu wako ametupwa juu hajapewa nano.

Akiwa ameandikiwa doksorubisini, uliza kama ni ya kawaida ama ya liposomu. Majina yanafanana, dozi hazifanani, na moja haiwezi kuchukua nafasi ya nyingine. Na yule jamaa wa Facebook mwenye kapsuli za "nano" za kumaliza kansa? Hizi zote tumebonga huingia kwa dripu, hosi, na daktari wa kansa akifuatilia.