Kutu Iliyookoa Watu, na Chujio Lililonila Pesa

Nikicheka kwenye video huwa nafunika mdomo. Wale mmenifuata kitambo mmeshaniuliza kwa nini. Meno yangu ni ya kahawia, na si sigara wala uvivu wa kupiga mswaki. Nimelelewa karibu na Naivasha, na maji ya kisima chetu yana floraidi nyingi. Kwa macho yalikuwa masafi kabisa. Hakuna mtu aliyeyashuku.

Mwaka jana nilipopata pesa yangu ya kwanza ya maana, nilimnunulia mama chujio la kufunga kwenye mfereji. Muuzaji alilifungua akanionyesha chembechembe za metali zinazong'aa kama dhahabu, mchanganyiko wa shaba na zinki. "Hii inatoa kila kitu, bro." Nikalipa. Dadangu anaishi pale kwa mama na mtoto wa miaka 3, na meno ya ukubwani hujengeka ndani ya ufizi umri huo huo. Sikutaka mtoto aje afunike mdomo kama mimi.

Baadaye nikaanza kujiuliza metali inasafishaje maji. Nikasoma, nikasoma, nikajikuta Bangladesh. Wasee, hii stori lazima muisikie.

Miaka ya 1970, watoto wengi Bangladesh walikuwa wakifa kwa kuhara na kipindupindu kwa sababu watu walikunywa maji ya vidimbwi na mito. Serikali na UNICEF wakaja na suluhisho: visima vya bomba jembamba lenye pampu ya mkono. Wazo lilikuwa zuri. Maji ya chini ya ardhi hayana vijidudu vingi kama ya kidimbwi. Familia zenyewe zikaanza kujichimbia, hadi visima vikafika mamilioni.

Shida ni kwamba hakuna aliyepima aseniki. Hiyo ni sumu inayotoka kwenye udongo wenyewe wa kule. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Inachukua miaka kujionyesha: madoa meusi kifuani, ngozi ngumu kwenye viganja na nyayo, halafu kwa wengine saratani. Ng'ambo ya mpaka, India, daktari wa ngozi wa Calcutta aitwaye K. C. Saha alianza kuwaona wagonjwa hao mwaka 1983. Bangladesh yenyewe sumu ilithibitishwa kisimani mwaka 1993. Kufikia 2000, jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha makadirio kwamba watu milioni 35 hadi 77, kati ya milioni 125 wa nchi hiyo, walikuwa hatarini.

Visima vikapimwa. Pampu salama ikapakwa rangi ya kijani, yenye sumu nyekundu. Hebu fikiria unaamka, pampu mliyochimba kwa jasho lenu, iliyowaokoa na kipindupindu, imepakwa nyekundu. Na kuchemsha hakusaidii. Aseniki haifi kwa moto, maji ndiyo yanapungua na sumu inabaki.

Hapa ndipo chuma kinaingia. Chuma kikikaa na maji na hewa kinashika kutu, ile ile tunayokwangua kwenye sufuria. Aseniki inapopita karibu na kutu inanata juu yake na haiachii kirahisi. Kwa hivyo hili si chujio la matundu kama kichungi cha chai, maana sumu iliyoyeyuka inapita kwenye tundu lolote utakaloona kwa macho. Kinachofanya kazi ni kule kunata.

Na wazo la chuma kusafisha maji halikuanza kule. Miaka ya 1880, jiji la Antwerp, Ubelgiji, lilijaribu kusafisha maji ya mto kwa kuyapitisha kwenye vitanda vya chuma chenye vinyweleo kama sponji. Maji yalisafika, lakini baada ya muda chuma kilishikana kikawa kama jiwe, maji yakakataa kupita. Mhandisi William Anderson akaja na pipa kubwa linalozunguka, chuma kikawa kinarushwarushwa majini ili kisigande.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, ugonjwa ukawa ule ule. Vijijini Bangladesh watu walitumia mitungi 3 iliyopangwa juu kwa juu, ndani mna vipande vya chuma, mchanga na makaa. Bei rahisi na aseniki ilitoka, lakini chuma kiliganda. Na mama wa kijijini hana pipa la kuzungusha.

Aliyepiga hatua ni Abul Hussam, mwanakemia aliyezaliwa Kushtia, Bangladesh, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Yeye na nduguye daktari walitengeneza chujio linaloitwa SONO. Ni ndoo 2. Ya juu ina mchanga na chuma kilichoandaliwa maalum ili kishike kutu bila kuziba njia. Ya chini ina mchanga, makaa na vipande vya matofali. Halitumii umeme. Mwaka 2007 lilishinda tuzo ya kwanza ya Grainger ya Marekani, dola milioni 1, na sehemu kubwa ya hizo pesa Hussam akazirudisha kwenye kugawa machujio.

Lakini tusidanganyane, chujio peke yake halikuiokoa Bangladesh. Familia nyingi zilihama tu kutoka pampu nyekundu kwenda kuchota kwa jirani mwenye ya kijani. Na bado kuna watu wanakunywa aseniki hadi leo. Kinachonigusa kuhusu SONO ni mpangilio wa kazi: Hussam alitumia miaka kupima aseniki kwenye maji kabla ya kutengeneza chujio. Alimjua adui kwanza, ndipo akachagua silaha.

Mimi nilifanya kinyume. Nilinunua silaha kwanza.

Mwishowe nilipeleka chupa 2 maabara, moja ya maji kabla ya chujio na moja ya baada. Floraidi kabla: miligramu 3.1 kwa lita. Baada: 3.0. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Shaba na zinki si utapeli; zinapobadilishana elektroni zinaondoa klorini na baadhi ya metali kama risasi. Ila floraidi hazina habari nayo. Metali inayoishika floraidi ni nyingine, alumini, ikiwa katika umbo la oksidi iliyoandaliwa, na hata hiyo huchoka, lazima isafishwe au ibadilishwe. Nakuru kumetengenezwa pia machujio ya makaa ya mifupa ya ng'ombe kwa kazi hiyo hiyo.

Kwa sasa mtoto wa dadangu anakunywa na kupikiwa maji ya mvua tunayokinga kwenye mabati, tukishayachemsha. Ya kisima ni ya kuoga na kufua. Tangi lilinigharimu zaidi ya lile chujio, lakini angalau najua nanunua nini.

Maoni yangu ni haya, na mnaweza kunibishia. Siku hizi kila ploti inayojengwa inachimba kisima, na kila kona kuna mtu anauza chujio. Wabangladeshi walichimba mamilioni kabla ya mtu kuuliza ndani mna nini. Sisi hatuna kisingizio, kwa sababu kwao tayari ilitokea. Ukihamia keja mpya, kabla ya kuuliza Wi-Fi, muulize mwenye nyumba karatasi ya maabara ya kisima. Na yule wa "inatoa kila kitu", muulize: inatoa nini, kutoka ngapi hadi ngapi, na baada ya lita ngapi inaacha kutoa?

Akinyamaza, rudisha pesa mfukoni. Mimi yangu ilishaenda.