Lugha Moja, Milango Mingi: Jinsi Programu Zilivyounganishwa na Hifadhidata

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi programu za kompyuta zilivyopata njia ya kuzungumza na seva za hifadhidata, na kwa nini lugha ya pamoja peke yake haikutosha.

Mnamo mwaka 1970, Edgar F. Codd, mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi IBM huko San Jose, Marekani, alipendekeza data zipangwe katika majedwali. Kabla yake, mwandishi wa programu alilazimika kujua data zimewekwa wapi na zinafikiwa kwa njia gani. Mpangilio ukibadilika, programu nayo hukwama. Kwa nadharia ya Codd, programu hutaja inachotaka tu. Mwaka 1974, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, nao wa IBM, walieleza lugha ya kuombea data, iliyokuja kuitwa SQL. Ilisanifishwa Marekani mwaka 1986, na kimataifa mwaka 1987.

Je, usanifishaji huo ulimaliza tatizo? La, hasha. Kila muuzaji alibaki na namna yake ya kufungua mawasiliano, kupokea ombi na kurudisha jibu. Taasisi iliyotaka kuhamia seva nyingine ililazimika kurekebisha programu zake. Data zilikuwa mali yake, lakini ufunguo wa mlango ulikuwa mkononi mwa muuzaji.

Mwaka 1992 kampuni ya Microsoft ilitoa ODBC, iliyotokana na kazi ya pamoja ya makampuni kadhaa. Kwa utaratibu huo, programu hutoa wito wa aina moja, na kila seva huwa na mkalimani wake anayeufasiri. Mwaka 1997 lugha ya Java nayo ilipata JDBC, yenye msingi huohuo.

Mwanafunzi wa Kiswahili hatashangazwa na historia hii. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki kwa msingi wa Kiunguja. Hata hivyo, Kiswahili cha Lubumbashi kingali na sura yake. Vivyo hivyo, SQL ya kila muuzaji ingali na lahaja yake, na mkalimani hawezi kuzifuta zote. Kwa hiyo, anayekabidhi kumbukumbu zake kwa seva asiulize tu inasema lugha gani. Aulize pia ni nani anayeshika ufunguo.