Kitambaa Kilichofichwa Moscow

Mwaka 1938, katika Taasisi ya Karpov jijini Moscow, Natalia Rozenblum na Igor Petryanov-Sokolov walikuwa wakitafuta matone. Walitaka kutengeneza ukungu wa chembe zenye ukubwa mmoja, wapate kuchunguza mwenendo wa moshi na vumbi hewani. Waliyeyusha nitroselulosi, wakautia myeyusho umeme wa volti nyingi, wakausubiri ukungu. Badala ya matone zikatoka nyuzi ndefu, nyembamba kuliko hariri, zikatandaza utando mweupe.

Kwamba umeme huvuta majimaji lilikuwa jambo la zamani. William Gilbert, tabibu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, alikwisha kueleza mnamo 1600 jinsi tone la maji linavyochongoka likisogezewa kaharabu iliyosuguliwa. Mmarekani John Francis Cooley alipata hataza ya kusokota nyuzi kwa umeme mwaka 1902. Mjerumani Anton Formhals akapata yake mwaka 1934. Formhals aliwaza nguo. Wale wa Moscow walikuwa watu wa moshi na vumbi, na kwa sababu hiyo, walipouona utando ule, waliliona chujio.

Maabara yao ilijengwa na Nikolai Fuchs, mmoja wa waasisi wa sayansi ya chembe za hewani. Mwaka uliotangulia, 1937, Fuchs alikuwa amekamatwa katika msako wa Stalin. Wanafunzi wake waliendelea bila yeye, tena kwa kasi, kwa kuwa vita ilikuwa inanukia na jeshi lilihitaji kinga dhidi ya moshi wa sumu. Mwaka 1939 kiwanda kilianza kazi Tver, mji ulioitwa Kalinin wakati huo, kikitengeneza vichujio vya barakoa za kijeshi. Mwaka 1941 Petryanov akatunukiwa Tuzo ya Stalin. Vichujio vikaitwa FP, yaani vichujio vya Petryanov. Jina la Rozenblum halimo. Naona ni dhuluma, na kila anayeisimulia historia hii anawajibika kulitaja.

Baada ya vita adui akabadilika. Viwanda vya bomu la nyuklia vilijaa vumbi lenye mionzi, na kitambaa cha FP kikahamia kwenye mifumo ya hewa ya majengo hayo na nyusoni mwa wafanyakazi. Katika miaka ya 1950 ikatokea Lepestok, barakoa nyepesi ya duara, ya kuvaa mara moja na kutupa. Ndiyo iliyofunika pua na midomo ya maelfu ya watu waliopelekwa kusafisha Chernobyl mwaka 1986.

Yote hayo yalifanyika kwa siri. Hivyo Marekani nayo, ikiwa na hofu ileile, ilitafuta njia yake. Katika miaka hiyohiyo ya 1950, Van Wente wa maabara ya utafiti ya Jeshi la Majini aliyeyusha plastiki, akaipuliza kwa hewa ya moto mpaka ikawa nyuzi laini, akikusudia kunasa chembe za mionzi angani. Tawi hilo ndilo lililotufikia sisi: tabaka la katikati la barakoa ya buluu tuliyoivaa wakati wa Uviko-19 hutengenezwa kwa njia hiyo ya kupuliza. Mhandisi Peter Tsai, mzaliwa wa Taiwan, akiwa Chuo Kikuu cha Tennessee, alibuni mojawapo ya njia za kuzitia nyuzi hizo chaji ya umeme ya kudumu, inayoipa barakoa ya N95 nguvu yake.

Wengi hudhani chujio hufanya kazi kama chekeche: kikubwa kinabaki, kidogo kinapita. Sivyo. Chembe kubwa hugonga nyuzi na kunata. Zilizo ndogo mno hutikiswa na molekuli za hewa, zikayumba hadi zikanaswa. Zinazosumbua ni za katikati, karibu mikroni 0.3, na ndizo kipimo cha N95: angalau asilimia 95 zizuiwe. Chaji husaidia kuzivuta, lakini huharibika kwa pombe au sabuni, ndiyo maana N95 haifuliwi.

Uzi mwembamba zaidi uliosokotwa kwa umeme, uitwao uzi wa nano, haunasi kwa kutegemea chaji. Unene wake uko chini ya mikroni 1, ilhali nyuzi za kawaida za Petryanov zilikuwa na takriban 1.5. Uzi ukiwa mwembamba kiasi hicho, hewa huteleza pembeni yake bila kukwama sana, na mvaaji anapumua kwa wepesi.

Mataifa mengine yaliufufua ujuzi huu wa kusokota nyuzi kwa umeme katika miaka ya 1990, hasa kwa kazi ya Darrell Reneker katika Chuo Kikuu cha Akron, Ohio. Nusu karne ilikuwa imepita tangu Tver. Siri ile iliwanyima wachimba migodi na wauguzi wa kwingineko kitambaa ambacho tayari kilikuwapo, na hasara hiyo haina wa kuilipa.

Tatizo lililobaki lilikuwa kasi. Sindano moja ya kupitishia myeyusho hutoa uzi kidogo mno kwa saa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Oldřich Jirsák na wenzake huko Liberec, Jamhuri ya Cheki, waliacha sindano kabisa: silinda huzunguka ndani ya myeyusho, na nyuzi nyingi huchomoka kwa pamoja kutoka mgongoni mwake. Utando unaopatikana ni dhaifu, hivyo hulazwa juu ya kitambaa kinene, na mvuke wa viyeyusho lazima ukusanywe usiwadhuru wafanyakazi wa kiwandani.