Gloriosa: ua zuri la kwetu, ila kiazi chake ni sumu

Wadau, wengi wetu tukitaka maua tunakimbilia ya kizungu, wakati Gloriosa superba inaota yenyewe vichakani hapa Afrika Mashariki. Petali zake ni nyekundu na njano, zimejikunja kwenda juu kama ndimi za moto. Zimbabwe wamelifanya ua la taifa.

Hupandwa kwa kiazi chembamba chenye umbo kama herufi V. Kishike taratibu, kwani machipukizi hutokea nchani, na ncha ikivunjika basi tena. Kilaze sentimita 5 hadi 10 chini, kwenye udongo usiotuamisha maji, karibu na uzio, maana ncha za majani hujisokota na kuparamia. Kiangazi shina hukauka lote. Usimwagilie, usikifukue, kiazi kimelala kinangoja mvua. (Wenye haraka msianzie mbegu, ua litakuja baada ya miaka 2 au 3!)

Sasa hapa tusikilizane. Mmea wote una sumu ya kolichisini, na kiazi na mbegu ndiyo usiseme. Hospitali hutumia kiasi kidogo sana cha dawa hiyo kutibu jongo, lakini kula kiazi chenyewe kunaua. Sri Lanka wapo waliokila wakidhani ni kiazi cha kawaida, wakafa. Kutapika na kuharisha huanza saa kadhaa baadaye, kwa hiyo mtu akikila usisubiri dalili, mkimbize hospitali na uwaambie amekula nini. Mimi nyumba yenye watoto wadogo silipandi kabisa, na viazi vya mbegu sivihifadhi jikoni hata siku moja.